Kabla ya kununua slasha, hesabu mawe

Kununua mashine ya kufyekea malisho ni rahisi kuliko kuichagua. Katika nyanda za juu za Kinangop, mwandishi wetu amekuta upana, bolti moja na ndege mdogo wa manjano vikigombania padoki moja.

Mlio ulisikika mara moja tu, kama nyundo iliyoangukia kengele ya shule, kisha trekta ikazimwa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umeyalalia malisho, karibu na Njabini, Kinangop Kusini, na kwa muda hatukumwona dereva wala mashine. Tulipofika tulimkuta amepiga magoti nyuma ya Massey Ferguson 240, akitazama mafuta meusi yakichuruzika kwenye nyasi.

Gia boksi ya slasha ilikuwa imepasuka. Jiwe lililoipasua halikuzidi ukubwa wa sufuria ya chai. Lilikuwa limejificha ndani ya kichuguu cha nyasi ngumu, mahali ambapo ng'ombe hawali na kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kupatazama.

Mwenye shamba ni shemeji yangu, na nimeahidi kutomtaja jina kwa sababu kijiji kizima kimeshamcheka vya kutosha. Slasha aliinunua mnadani wiki tatu kabla ya siku hiyo, kwenye shamba kubwa lililokuwa likiuza vyombo vyake vya zamani. Upana wake ulikuwa futi saba, chuma kizito, rangi bado inang'aa. Aliipendea upana. Trekta yake haifiki nguvu za farasi 50.

Kosa la pili lilikuwa dogo zaidi, na ndilo lililomgharimu. Kwenye shafti ya slasha kuna bolti iliyowekwa makusudi ivunjike kisu kinapogonga kitu kigumu. Siku ya kwanza ilivunjika mara mbili. Mara ya tatu dereva alichoka, akachokora sanduku la spea, akatoa bolti ya propela shafti ya lori iliyopigwa chapa 10.9 kichwani, akaikaza. Haikuvunjika tena. Kilichovunjika ni kile ilichokuwa ikikilinda.

> Kwenye slasha nzima hakuna kitu cha bei ndogo kuliko ile bolti ya kukatika, na ndiyo inayovilinda vingine vyote.

Ng'ombe mchaguzi

Wafugaji wengi wadogo nchini hufungia ng'ombe zizini na kuwakatia matete, kwa hiyo swali la slasha haliwahusu. Linawahusu wenye padoki: Kinangop, Njoro, Molo, Laikipia, Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako ng'ombe bado hutembea kutafuta chakula chake.

Ng'ombe huyo ni mchaguzi kuliko mtoto aliyewekewa sahani ya sukuma. Hula majani mororo ya juu na kuacha mashina. Nyasi zilizoota kando ya kinyesi chake hazigusi, hata ziwe za kijani kiasi gani. Baada ya mizunguko miwili au mitatu ya malisho, padoki huwa na visiwa: hapa nyasi zimelambwa hadi chini, pale zimesimama kiunoni, zimetoa mbegu, zimegeuka mti.

Nyasi ikishachanua, nguvu yake huhamia kwenye shina na mbegu, na jani hupungua lishe. Slasha huvisawazisha visiwa hivyo. Mwanga hufika chini, machipukizi mapya hutoka, na magugu hukatwa kichwa kabla hayajamwaga mbegu. Kazi yake kubwa ni hiyo. Anayetarajia ilishe ng'ombe, ilime au ivune atakuwa ameibebesha mzigo usio wake.

Kinangop hali ina ladha yake ya pekee, kwa kuwa nyasi inayotanda humo ndiyo ile ambayo dunia nzima huiita kwa jina la Wakikuyu. Ilitoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki ikapelekwa Australia, New Zealand, Afrika Kusini hadi Hawaii. Kaskazini mwa New Zealand wafugaji hupambana nayo kila mwaka kwa sababu ikiachwa hujifuma kama mkeka mnene, na majira ya baridi yakikaribia huisagasaga kwa mashine ili wapande nyasi nyingine juu yake. Hapa nyumbani kwake, wengi wetu hatujawahi kuikata ila kwa panga.

Futi na farasi

Muuzaji yeyote wa vyombo vya trekta mjini Nakuru ataanza na upana, kwa sababu upana huonekana. Mkulima makini huanza na trekta aliyo nayo.

Kanuni ya mafundi ni hii: kwa slasha nyepesi ya malisho, kila futi moja ya upana inahitaji karibu nguvu tano za farasi zinazofika kwenye ile shafti ya nyuma ya trekta ambayo kila dereva anaiita PTO. Kwa slasha nzito, inayotarajiwa kufyeka vichaka, hesabu huwa nane hadi kumi kwa futi. Slasha ya shemeji yangu, futi saba na nzito, ilihitaji kati ya farasi 56 na 70. Trekta yake ilikuwa inashindwa tangu slasha ilipotoka mnadani.

Angalia pia mwendo. Slasha nyingi zimetengenezwa kwa PTO inayozunguka mara 540 kwa dakika, na shafti yake ina meno sita. Trekta kubwa za kisasa huwa na PTO ya pili ya mizunguko 1,000, yenye meno 21. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kukuunganishia chochote kwa chochote, lakini gia boksi ya 540 ikizungushwa kwa 1,000 haitamaliza msimu.

Kisha kuna pini, jambo ambalo hakuna anayelitaja hadi mashine ifike nyumbani. Mikono ya chini ya trekta ndogo hushika pini ya milimita 22. Ya trekta kubwa zaidi hushika ya milimita 28. Pini nyembamba kwenye tundu pana hucheza, na chuma kinachocheza huliwa. Vipo vikombe vya chuma vya kuziba nafasi hiyo, bei yake ni ya chai na mandazi. Viulizie siku hiyo hiyo ya kununua.

Upana wenyewe unaleta nini? Tufanye hesabu. Slasha ya mita 1.5, yaani futi tano, ikienda kilomita tano kwa saa, na tukitoa moja ya tano kwa kona na kurudiarudia, hufyeka karibu ekari moja na nusu kwa saa. Ya mita 2.7 hufyeka ekari mbili na zaidi ya nusu. Kwa mwenye ekari 200 tofauti hiyo ni siku nzima za kazi. Kwa mwenye ekari nne ni saa moja, ambayo huenda akaipoteza yote akigeuza mashine pana kwenye kona za padoki nyembamba.

Na padoki zetu ni nyembamba. Kinangop iligawanywa tangu miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipokatwa kuwa ya makazi, na kila kizazi tangu hapo kimekata tena. Nimeona malango ambayo trekta hupita ikiwa imekunja vioo. Slasha ya futi saba ingelazimika kuruka ua.

Visu, minyororo au nyundo

Slasha ya kawaida ni sanduku la chuma lililofunikwa juu, na chini yake visu viwili vilivyoning'inizwa kwenye sahani au mkono unaozunguka. Visu havikukazwa kabisa. Vina uhuru wa kurudi nyuma vikigonga jiwe. Wamarekani wengi huiita Bush Hog hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, kwa sababu kampuni ya jina hilo, ya Selma, Alabama, ilianza kuitengeneza mwaka 1951 na jina likashinda. Kwetu jina la panga la kufyekea lilihamia kwenye mashine, na hakuna aliyelalamika.

Sifa yake ni usahili: gia boksi moja, shafti moja, visu viwili, na fundi wa jua kali aliye karibu anaijua yote. Ubaya wake ni kwamba hukata kwa kupiga. Jani huchanika ncha, na nyasi zilizokatwa huachwa zimerundikana mistari mistari. Ukichelewa kufyeka na nyasi zikawa nyingi, mistari hiyo huzifunika nyasi changa na kuziozesha.

Wapo wanaofunga minyororo mahali pa visu. Mnyororo hausafishi vizuri kama kisu, lakini ukigonga jiwe hujikunja na kuendelea na safari. Penye mawe mengi na vichaka, mimi ningeufikiria kwanza.

Mashine ya nyundo ni ukoo mwingine. Ina mhimili uliolala, umefungwa vipande vingi vidogo vya chuma vinavyosaga nyasi na kuzitawanya sawasawa. Hurusha mawe kidogo kuliko slasha, na padoki hubaki nadhifu kama uwanja wa kanisa. Lakini ni nzito, inahitaji nguvu zaidi kwa upana ule ule, na nyundo zenyewe ni nyingi: zikipotea tatu upande mmoja mhimili huanza kutetemeka, na mtetemeko huo hula beringi. Ukiwa na malisho yasiyo na mawe na duka la spea lisilo mbali, ni mashine nzuri sana. Kinangop sijaona mahali penye sifa hizo zote mbili.

Mkanganyiko unaotia hasara zaidi uko kwenye nyasi za kukausha. Wanaopanda Boma Rhodes, nyasi iliyopata umaarufu kupitia Kitale, huona slasha ikikata nyasi wakadhani itawavunia marobota. Slasha hukatakata shina vipande, huchanganya na udongo, na vipande vifupi hupotea beila inapopita. Kwa marobota inatakiwa moa ya madramu au ya sahani, ambayo hukata shina mara moja na kulilaza zima. Atakayejaribu kuifanyia mashine moja kazi zote mbili atapata nyasi kavu mbovu na padoki mbovu.

> Slasha hutunza malisho. Anayeitaka imjazie ghala marobota ameingia duka lisilo lake.

Kuhusu kimo, watu hubishana sana, na kipimo changu ni cha kizamani: ngumi iliyosimama chini, kama sentimita nane hadi kumi. Chini ya hapo unakata akiba ya nyasi na kuanza kufyeka udongo, ambao ni adui mkubwa wa visu. Slasha ina viatu vya pembeni vya kushikilia kimo hicho, na mbele yake ishuke sentimita mbili tatu kuliko nyuma, ili nyasi ikatwe mara moja na kuachiwa itoke. Dereva anayeilaza sawasawa hukata nyasi ile ile mara tatu na kulalamikia dizeli.

Mtumba wa chuma

Slasha nyingi katika mashamba madogo ni za mkono wa pili, na hapo ndipo jicho linapohitajika. Nilikwenda na fundi mmoja wa Engineer, mji mdogo wenye jina lisilohitaji tafsiri, kumwangalia akikagua mashine kabla ya mteja wake kulipa.

Hakuitazama rangi. Aliinua ile sahani ya visu kwa mikono miwili na kuitikisa juu chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Alipitisha kidole chini ya gia boksi kutafuta mafuta, kisha akafungua kizibo na kuchovya kijiti: mafuta mazito ya gia namba 90 yawe ya rangi ya asali, na yakiwa meupe kama chai ya maziwa basi maji yameingia. Aliangalia mahali gia boksi inapokalia bati, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Mwisho alitazama matundu ya bolti za visu. Tundu likiwa refu kama yai, aliniambia, usihangaike kuuliza bei.

Visu vina hadithi yao. Jua kali huvikata kutoka kwenye majani ya springi za lori, na chuma hicho ni kizuri. Tatizo ni mizani. Visu viwili vikipishana uzito, mashine nzima hutikisika, na nati hulegea bila mtu kujua. Vipimwe pamoja na kubadilishwa pamoja. Kisu kilichopasuka kisichomelewe kabisa. Chuma kilichopashwa moto mahali pamoja hupoteza ugumu wake na kuvunjika kikiwa kasini.

Wengi pia hunoa kisu cha slasha kama wembe. Hakitakiwi hivyo. Ukingo ubaki na unene wa karibu milimita moja na nusu, kwa sababu ncha nyembamba hupinda kwenye jiwe la kwanza. Kisu hiki hutegemea kasi.

Na kasi yenyewe si ya kuchezea. Slasha ya mita 1.5 ambayo visu vyake vinazunguka mara 1,000 kwa dakika ina ncha inayokwenda zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Hakuna gari barabara ya Nairobi kwenda Nakuru linalokimbia hivyo, ingawa wapo wanaojaribu.

Leso na shafti

Kwa kasi hiyo, kokoto ni risasi. Baadhi ya watengenezaji huonya kwamba kitu kilichorushwa na slasha kinaweza kufika mita 90 au zaidi. Kwa sababu hiyo slasha mpya huja na pazia la minyororo mbele na nyuma. Kwenye mtumba pazia hilo huwa limekwenda zamani, limefungia lango la mtu. Kulirudisha ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea, na ni ya kwanza kufanywa.

Nimeona pia, zaidi ya mara moja, kijana akipanda juu ya bati la slasha ili kuongeza uzito, kama turnboy wa lori. Chini ya viatu vyake, milimita chache za chuma, visu vinazunguka. Sijui niliseme vipi kwa upole, kwa hiyo sitasema kwa upole: dereva anayeruhusu hilo anyang'anywe ufunguo.

Shafti ni hatari tulivu. Kwa mizunguko 540 kwa dakika huzunguka mara tisa kila sekunde, na kitambaa kikinaswa huvutwa karibu mita mbili kwa sekunde hiyo moja. Leso, skafu, koti la mvua lisilofungwa vifungo, yote yamewahi kuua mashambani katika nchi nyingi. Shafti huja na ganda la plastiki la kuifunika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mitambo ya hatari ifunikwe, na mwajiri wa dereva wa trekta ni mwajiri kama wa kiwandani.

Wenye trekta za zamani zenye klachi ya hatua moja wajihadhari na jambo lingine. Ukikanyaga klachi, visu vizito bado vinazunguka, na mzunguko wao hurudi kupitia shafti kuisukuma trekta mbele, hata iwe ukutani au mtoni. Dawa ni kipande kinachofungwa kwenye shafti na kuiruhusu ijizungukie yenyewe, kama friwili ya baiskeli. Muulize muuzaji. Akikutazama kama mtu anayeuliza bei ya mwezi, tafuta muuzaji mwingine.

Kondoo, na ndege wa manjano

Si wote wanaokubali kwamba slasha inahitajika. Jirani wa shemeji yangu, mama mwenye ekari tatu na kondoo wapatao ishirini, alinionyesha padoki yake bila kusema mengi. Kondoo hufuata nyuma ya ng'ombe na kula kile ng'ombe alichokataa, hadi kando ya kinyesi. Hawanywi dizeli. Mwaka mzuri huzaa.

Alikuwa na hoja, ingawa haikamiliki. Kondoo hawasawazishi mashina yaliyokwisha kuwa miti, na baadhi ya magugu hawayagusi. Ila na slasha nayo ina mipaka kwa magugu. Mtula, ule wa matunda ya manjano, ukifyekwa huchipua tena kutoka mizizini, na dawa yake ni jembe. Walio chini zaidi, Naivasha na Nakuru, wana gugu karoti, kama majirani wetu wa Tanzania wanavyoliita, ambalo mmea mmoja humwaga mbegu maelfu kwa maelfu. Lifyekwe kabla ya kuchanua au lisiguswe na slasha kabisa. Slasha iliyotoka shamba lenye gugu hilo ioshwe kabla ya kuvuka ua, kwa sababu bati lake la juu hubeba mbegu kama begi la posta.

Magugu yenye sumu yana hila ya ziada. Baadhi yake yakikatwa na kunyauka hupoteza uchungu unaomfukuza ng'ombe, lakini sumu hubaki. Ukifyeka penye magugu hayo, ng'ombe wasirudishwe hadi mabaki yake yaondolewe au yaoze.

Upande wa tatu katika mabishano haya hauna trekta wala kondoo. Ni ndege anayejulikana kitaalamu kama Macronyx sharpei, kifua cha manjano, mgongo wa kahawia wenye michirizi, na ukucha mrefu wa nyuma. Duniani hapatikani nje ya nyanda za juu za Kenya, na yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Kinangop ni mojawapo ya ngome zake. Hujenga tago lake chini, na anahitaji nyasi fupi zenye vichuguu vya nyasi ngumu ndani yake, vile vile ambavyo mwenye slasha huviona kama takataka.

Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi Kinangop kumhifadhia makao. Wakazi wa kikundi cha Friends of Kinangop Plateau nao wamefanya kazi ya kuwashawishi wafugaji wabaki na malisho badala ya kulima viazi, na sufu ya kondoo ikawa sehemu ya mpango huo kupitia karakana ya ufumaji ya Njabini. Kwa ndege huyu, padoki iliyofyekwa kwa kiasi ni afadhali kuliko shamba la viazi. Iliyofyekwa yote, hadi kichuguu cha mwisho, kwake haina tofauti kubwa na lami.

> Kichuguu cha nyasi ngumu ni takataka kwa mwenye slasha, na nyumba kwa ndege asiye na pengine pa kwenda.

Mimi nimesimama katikati, nikiegemea upande wa ndege. Kuacha ukanda wa upana wa trekta moja kando ya ua na kwenye bonde bovu hakumpunguzii mfugaji maziwa yanayopimika, na huko ndiko mawe mengi yaliko hata hivyo.

Mashine ya saa 43

Swali la mwisho ni nani ainunue. Chukua wafugaji wanane wenye ekari nne kila mmoja. Wakifyeka mara mbili kwa mwaka, ekari zao zote ni 64. Slasha ya futi tano huzimaliza kwa saa zipatazo 43. Mwaka una saa 8,760. Kila mmoja akinunua yake, zitakuwepo slasha nane, kila moja ikifanya kazi chini ya saa sita kwa mwaka na kulala nyuma ya ghala saa zilizobaki, kuku wakitagia juu yake.

Kwa karatasi, basi, kukodi au kushirikiana kunashinda. Programu za simu kama Hello Tractor, iliyoanzia Nigeria, humkutanisha mwenye trekta na anayeihitaji. Ugumu uko kwenye kalenda. Mvua za masika zikikatika, kati ya mwishoni mwa Mei na Julai, unyevu ungali ardhini na nyasi ndiyo kwanza zinatoa vichwa, kila mtu anaitaka mashine wiki ile ile. Wa mwisho kwenye foleni hufyeka mbegu zikiwa zimeshamwagika. Na baada ya Januari, ukame na sakitu vikianza kuunguza Kinangop, heri usifyeke kabisa. Nyasi zilizosimama, hata ngumu, ndizo akiba ya ng'ombe.

Vikundi nilivyoona vikidumu vilikubaliana mambo machache kabla ya kununua: zamu inapigiwa kura na kubadilishwa kila mwaka, dereva ni mmoja tu, na ambaye shambani mwake litagongwa jiwe ambalo hakulionyesha mapema analipia visu. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloleta amani.

Shemeji yangu hakusubiri kikundi. Gia boksi iliyopasuka aliiuza kama chuma chakavu, bati akabaki nalo, nalo sasa ni daraja la mfereji. Juni hii amenunua slasha nyingine, futi tano, imechubuka rangi na ina alama za kuchomelewa pembeni. Fundi wa Engineer alimkatia shafti iwe ya urefu unaofaa, akapachika upya pazia la minyororo, akamwachia kopo la maziwa ya unga lililojaa bolti laini za kukatika.

Nilipomtembelea Jumamosi iliyopita, watoto wake walikuwa padokini na debe la chokaa, wakitembea mistari mistari na kumwagia kila jiwe walilolikanyaga. Kwenye ekari mbili walifika 61 kabla ya chakula cha mchana. Dereva alikuwa ameketi kwenye tairi la mbele, akiwahesabia kwa sauti, na kopo la bolti likiwa chini ya kiti cha trekta.